Mwaka Tuliomwachilia Ajwe

Tulipomzika Senge kule Kabuchai, binamu yangu alinipa maikrofoni. Alikuwa akisoma maisha ya marehemu, amefika pale pa "alilea watoto wengi wasio wake," watu wakaguna kwa huzuni, naye akanigeukia. "Nekesa, wewe ulikaa naye Kitale. Sema neno." Niliishika ile maikrofoni, nikayaona mahema, nikawaona wazee wamekaa mbele na kofia zao kwa magoti, nikairudisha. Walidhani nimelemewa na machozi. Sikuwa na machozi. Nilikuwa na hasira, na hasira haisemwi mbele ya jeneza, hasa jeneza la mtu uliyempenda. Kwa hivyo nitaisema hapa, kwa karatasi, mahali hakuna mtu wa kunishika mkono aniambie "basi, mama, basi." Nitasema juu ya mwaka mmoja tu, ule niliokaa kwa Senge na mtoto mchanga, mwaka ambao mtoto wangu alitolewa na watu wengi hata ikawa hakuna mmoja aliyemtoa.

Senge alikuwa dada ya baba yangu. Nyumba yake ilikuwa vyumba viwili nyuma ya posho mill, na unga ulikuwa haumalizwi kupanguswa: uko kwa kitanda, uko kwa vikombe, uko kwa nyusi za Yesu kwenye picha ya ukutani. Mashine ikisaga, sakafu inatetemeka na Baraka analala. Mkanda ukikatika, kimya kinamwamsha, anapiga kelele kama ameibiwa. Nilikuwa nimetoka shule kidato cha tatu na tumbo, na Senge alikuwa mwenyekiti wa kina mama kanisani, kwa hivyo mpango ulikuwa kwamba mimi nipo lakini nisionekane. Kina mama wakija kwa maombi, mimi naingia chumba cha ndani na mtoto kwa ziwa ili asilie, pazia linashushwa. Nilikuwa nawasikia wakinywa chai ya tangawizi na kutafuna viazi vitamu. "Na yule msichana wa ndugu yako?" "Yuko. Anapumzika." "Apumzike tu, dunia imemchosha mapema." Halafu kicheko kidogo kile cha kina mama wa kanisa, kile wanachokimeza kabla hakijafika mbali. Mpaka leo nikisikia mtu amesema "anapumzika" juu ya msichana, nataka kumuuliza anapumzika kutoka kazi gani.

Mahali pekee niliporuhusiwa kwenda ni kwa Mercy, kwa sababu kibanda chake cha ususi kilishikana na ukuta wetu na kulikuwa na mlango wa nyuma. Mercy alisuka huku simu yake imeegemezwa kwa kopo la mafuta ya nywele, na mteja akitingisha kichwa anagongwa na kitana. "Sasa, mama Baraka," aliniambia siku ya kwanza. "Kuja uone ujinga wa watu." Ujinga wenyewe ulikuwa mchezo. Ndani ya simu kulikuwa na mtoto mmoja amebeba begi, anatembea kwa nyasi ndefu akitafuta madude: mengine yana mabawa, mengine yana magamba, mengine yanafanana na viazi vyenye macho. Akikuta dude analifungia ndani ya chupa, analilisha, anapigana nalo na madude ya wengine, nalo linakua. Mchezo wa watoto. Lakini huyu mtoto hakuwa na mchezaji mmoja. Vijana fulani wa Bungoma walikuwa wamemweka kwenye mtandao, na yeyote aliyetaka aliandika neno pale chini: juu, chini, kulia, kushoto, sawa, rudi. Mashine ilitii kila neno kwa zamu yake, la kila mtu, bila kuchagua. Watu wa Kenya nzima, na wa Tanzania, na wengine ambao sijui walitoka wapi, wote wanamvuta mtoto mmoja kwa mkono. Ungemwona amesimama mbele ya ukuta anaupiga kichwa. Ungemwona anazunguka mti kama mlevi. Nilicheka siku hiyo mpaka maziwa yakanimwagikia blauzi. Sikuwa nimecheka tangu Krismasi.

Senge alikuwa na simu ya zamani yenye kioo kilichopasuka, akanipa, na Mercy akaniwekea mtandao wake. Basi ikawa ndiyo kazi yangu. Asubuhi nafua nepi, natwanga njugu, napika mrenda, halafu nakaa kwa kile kigoda cha mlangoni, mtoto kwa paja, naandika kushoto. Ndege wetu, moja la yale madude yenye mabawa, tulimpata kipindi cha mvua za kwanza. Alikuwa mdogo, mbaya, mwenye mguu mmoja mrefu kuliko mwingine. Kumpa jina ilibidi herufi zichaguliwe moja moja, na kwa sababu kila mtu alichagua yake, jina lilitoka AJJWEE. Hakuna lugha yenye neno hilo. Tukamwita Ajwe. Akawa wetu kuliko wale wote wenye majina mazuri, kwa sababu alipigana na madude makubwa mara mbili yake na kwa bahati tu, mwenzake akikosa, yeye alipata. Watu walikuwa wanaandika "Ajwe mama yetu." Mtu mmoja alimchora amevaa leso.

Kulikuwa na mchezaji aliyejiita Mzee wa Mahindi. Alisema ananunua mahindi Moi's Bridge, na nilimwamini, kwa sababu alikuwa akipotea siku za soko. Tulifika mahali njia inapita ukingoni mwa jabali, nyembamba, na hatua moja ya chini unaanguka unarudi mwanzo. Tulianguka siku nyingi. Wengine waliandika chini makusudi, wale wa kucheka maiti, lakini wengi walikuwa wanataka kusaidia na neno lao lilifika likiwa limechelewa. Watu walitukanana sana. Ndipo Mzee wa Mahindi akaandika: "Nyinyi mnaosaidia sana ndio mnatuangusha. Wengi wenu wekeni mikono kwa mfuko. Wachache waandike kulia, basi." Sijui ni kwa nini watu walimsikia. Mimi niliweka simu chini, nikamshika Baraka mikono yote miwili, nikatazama. Yule mtoto wa kwenye simu alitembea kwa jabali polepole, kulia, kulia, akasimama, kulia, mpaka akavuka. Mercy alikuwa na mteja nusu kichwa na wote wawili walikuwa wameinamia simu.

Huo ulikuwa uzuri wake, na sitaukana. Sasa niseme ubaya. Kulikuwa na stoo, mahali pa kuweka madude ukishakuwa nayo mengi. Ukifika pale mashine inauliza maswali: unataka kuweka? Sawa. Na chini ya neno la kuweka kuna neno la kuachilia, na aliyeachiliwa harudi. Tulitaka kumweka Ajwe apumzike, tumbebe mwingine. Swali la kwanza likaja, watu wakaandika sawa. Lakini sawa zilikuwa nyingi, zilizidi lile swali, na mtu akaandika chini, na mashine ikauliza: unataka kumwachilia, una hakika? Na sawa zilikuwa bado zinakuja. Ikaandika: Kwaheri, AJJWEE. Nafasi yake ikabaki nyeupe.

"Nani amefanya hivyo?" Ndivyo kila mtu alivyouliza. "Si mimi." "Si mimi, mimi niliandika rudi." "Mimi sikuwa hata online." Mzee wa Mahindi akaandika: "Mimi niliandika sawa. Lakini sawa yangu ilikuwa ya swali la kwanza." Wengi wakaandika chini yake, na mimi pia, yangu hivyo hivyo.

Wiki ile nilimsikia Senge kwa simu, amesimama nje karibu na tangi la maji. "Eee. Jumamosi ni sawa. Nitakuja naye." Akaingia akaniambia Kukhu, nyanya yangu wa Kabuchai, anataka kumwona mtoto. Nilifurahi. Nilimshonea Baraka kofia kwa mkono wa sweta ya zamani. Kabuchai nilimkuta Kukhu amefunga jogoo kwa mguu wa meza. "Kuna wageni," alisema. "Wewe ndio una mkono mzuri, pika." Nani hukataa kusifiwa na Kukhu? Nilichinjiwa, nikanyonyoa, nikapika kwa jikoni ya nje, moshi machoni na miwa inasugua ukuta kwa nyuma. Mtoto walimchukua "ili asiungue." Firigisi niliitoa nzima, nikaiweka kwa bakuli lake, kwa sababu firigisi ni ya mgeni mkubwa na ukiikata umemtukana. Nikaingia na maji ya kunawa. Pale kwa kochi alikaa mzee na mwanamke wa kitambaa cheupe, na mwanamke alikuwa na Baraka mapajani, na mashavu yao yalikuwa yale yale. Hapo nikajua ni watu wa Matulo, wazazi wa baba yake Baraka. Kijana wao mwenyewe hakuwepo. Yuko Nairobi kwa mjengo, ati ametuma salamu. Na bado nilidhani wamekuja kumtazama tu. Nilipiga goti nikampa mzee firigisi kwa mikono miwili. "Umepika vizuri, mama," akasema.

Walikula mpaka mifupa. Baba mdogo, ndugu ya baba yangu, akapangusa mdomo. "Basi. Wageni tumewakaribisha, si ndiyo?" "Sawa," nyumba ikajibu. "Na wamekula." "Sawa." "Na mtoto ajue kwao." "Sawa." Ilipita haraka hivyo. Mwanamke akaanza kumfunga Baraka kwa shuka. Nilikuwa bado nimeshika beseni la maji machafu.

"Mtoto anaenda wapi?" nikauliza.

"Kwao," Baba mdogo akasema. "Watu wote wamekubali."

"Nani amekubali?"

"Msichana, wageni wamekula."

"Nauliza nani. Kukhu, ni wewe?"

Kukhu akatazama mikono yake. "Mimi nilisema sawa wakaribishwe."

"Baba mdogo?"

"Mimi nasema kile nyumba imesema. Na wewe, si kuku umepika mwenyewe? Si umempelekea mzee firigisi na goti? Ulidhani unapikia nini?"

Yule mzee wa Matulo akatikisa kichwa kwa huruma, kweli kwa huruma. "Mimi nimeitwa tu, mama. Mgeni ni nani akatae neno la nyumba nzima?" Senge alikuwa anatazama ndani ya bakuli lake kana kwamba kuna kitu kimeanguka mle. Nilipiga kelele. Nilishikwa. Walioshika mikono yangu walikuwa wananiambia pole. Wageni waliondoka na Baraka mapema wasinyeshewe, na kofia yangu ya sweta ilibaki kwa kochi.

Nimesikia watu wakisema mila ndiyo mbaya. Mimi nasema mila haikunifanya kitu. Mila ina mdomo wa mtu, kila mara, na mtu huyo ana jina. Kilichoniua ni kwamba nilitafuta wa kumchukia na sikumpata. Nikimgeukia huyu ananionyesha yule. Ungeweza kuzunguka Kabuchai yote, boma kwa boma, ukiuliza nani alimtoa mtoto wa Nekesa, na kila mtu angekuonyesha kidole cha mwenzake, na wote wangekuwa wakisema ukweli.

Kitale mashine ilisaga na hakukuwa na mtu wa kulala. Maziwa yalikaa kwa kifua yakawa mawe, Senge akaniwekea majani ya kabichi baridi ndani ya blauzi. Aliniletea sare ya shule, akaitundika kwa msumari. "Januari," alisema. Nilikuwa nakula kwa sababu chakula kimewekwa. Ugali na sukuma, ugali na ndengu, sikujua tofauti. Nilicheza ule mchezo, niseme nini, nilicheza kuliko zamani. Sikuwa na kitu kingine cha kushika.

Mahindi yalikuwa yamekauka shambani watu waliposhika ndege mwingine. Wa aina ile ile, mguu ule ule. Wakati huo walikuwa wamejifunza kupigia kura kila herufi, kwa hivyo jina lilitoka safi: AJWE. Watu walisherehekea. "Mama amerudi." "Ajwe wetu amefufuka." Nilitazama lile jina. Halikuwa na makosa, na hapo ndipo nilijua si yeye, na kwamba mimi peke yangu naona. Mzee wa Mahindi naye aliandika karibu nyumbani. Nikaenda nikamwambia Mercy anitoe kwa mtandao wake. "Si ni ndege tu, bana," alisema, uzi kwa meno. Halafu akanitazama vizuri, akautoa ule uzi. "Pole," akasema. "Nimeelewa."

Mchana huo huo, tukiwa mezani, Senge alisukuma bakuli la mboga upande wangu. "Kula, mwanangu. Wewe ni mdogo. Utazaa mwingine."

Niliweka chini tonge. "Nani alimtoa Baraka?"

"Tusianze."

"Nipe jina."

"Ni familia, Nekesa."

"Familia haina simu. Nani alipigia watu wa Matulo?"

Mashine ya jirani ilikuwa imesimama, ilikuwa saa ya chakula. Senge alinawa mkono, ingawa alikuwa hajamaliza kula. Akaupangusa kwa leso, kidole kwa kidole.

"Ni mimi," akasema.

Akaendelea mwenyewe. "Nilikuwa nakuona pale mlangoni, shingo imeinama kwa hiyo simu, mtoto kwa ziwa, na kumi na nane hujafika. Nikasema huyu amekwisha. Wale wana ng'ombe, wana miwa, atashiba. Wewe urudi shule upate kitu. Nikawapigia. Nikamwambia Kukhu achinje."

"Na pale Kabuchai mbona ulinyamaza?"

"Nilisikia wote wamesema sawa," akasema. "Nikashukuru Mungu kwamba si langu peke yangu."

Nilimchukia hapo vile sijawahi kumchukia mtu, na lazima niandike pia kwamba nilipumua. Kwa miezi nilikuwa nimebeba hasira kama mzigo usio na mahali pa kuteremsha, na sasa mtu alikuwa amesimama akasema weka hapa. Kati ya watu wote waliokula kuku yule, ni yeye peke yake aliyewahi kusema. Wale waliosoma mazuri yake kaburini hawakulijua lile moja lililokuwa kubwa. Lakini siku hiyo sikumwambia asante. Nilimwambia, "Kama neno lilikuwa lako, nenda ulirudishe."

Alienda. Alimshika kuku wake wa mayai, yule mweusi, akamfunga miguu, na mwenyekiti wa kina mama alipita katikati ya mji wa Kitale na kuku kwapani na mimi nyuma yake mchana kweupe, na kina mama wake wakimsalimu na kumuuliza mama unapeleka kuku wapi. "Kurudisha," aliwajibu, na hakufafanua.

Matulo tulimkuta yule mwanamke wa kitambaa cheupe peke yake, anapukuchua mahindi uani. Baraka alikuwa amekaa katikati ya punje, mnene, anazimwaga juu ya miguu yake. Alinitazama kama unavyomtazama mtu wa kuuza sabuni. Senge hakungoja kiti. Alimweka kuku miguuni pa yule mama. "Huyu ni wenu," akasema. "Yule mliyemla Kabuchai niliwalisha mimi. Huyu msichana alipika bila kujua. Neno halikuwa la nyumba, lilikuwa langu, na nimekuja kulichukua."

"Mwenye boma ameenda kupima miwa," mwanamke akasema.

"Tutamngoja."

Alifikiria, mkono bado ndani ya ndoo ya mahindi. "Mkimngoja atawaita ndugu zake," akasema mwishowe. "Wakija, watakuwa wengi." Akaamka, akaingia ndani, akatoka na nguo za mtoto zimekunjwa ndani ya karai. "Nitamwambia ni mimi nimemtoa. Atanigombeza, atachoka. Huku tunamwita Simiyu, lile jina ndilo lilimnyamazisha alipokuja. Uji wa wimbi ndio anakula. Usiweke maziwa, yanamharisha. Tia ndimu kidogo." Sauti yake ilikuwa imara mpaka pale kwenye ndimu.

Nilimbeba. Alijirusha nyuma mwili mzima, mikono miwili kwa yule mama, akimwita Kukhu, Kukhu, kama mimi ninavyomwita nyanya yangu, naye aligeuka akaenda nyuma ya nyumba ili asimwone. Nilikuwa nimeshinda. Hakuna aliyeniambia kwamba kushinda kunafanana hivyo na kuiba.

Nilimaliza shule baadaye, Baraka akishinda kwa Mercy, nikapata D, na Senge hakuwahi kunitajia hiyo D. Watu huniuliza mbona nimenuna kila wakati. Basi wajue. Siku ile tulipofika Kitale mtoto alifunga mdomo. Nilimpa ziwa, akaligeuzia shavu. Nilimpa ndizi, akaitema. Nilimwita Baraka, Baraka, hakugeuka. Mwishowe niliwasha jiko, nikakoroga uji wa wimbi, bila maziwa, nikakamua ndimu, nikakaa chini mbele yake na kijiko, nikasema lile jina lingine kwa sauti ndogo. Alifungua mdomo. Alikula wote, polepole, huku akitazama mlango.